Bakuli la posho kwenye Kilima cha Simba

Watu wakijua kwamba kazi yangu ni kuchunguza chanzo cha dola, swali lao la kwanza huwa moja: mfalme wa kwanza alikuwa nani? Wengine huuliza vita vya kwanza, wengine mji wa kwanza. Mimi huwapeleka stoo. Nawaambia tuanze na mlango wa ghala, kamba iliyofungwa kwenye kigingi chake, bonge la udongo mbichi lililobandikwa juu ya fundo, na mtu mwenye haki ya kugandamiza muhuri juu ya udongo huo. Huyo mtu wa stoo ndiye ninayemtafuta kila nikichimba.

Mahali ninapopatumia zaidi kuyaeleza haya ni Arslantepe, mashariki mwa Uturuki, jirani na mji wa Malatya, yapata kilomita 12 kutoka Mto Frati. Malatya ni nchi ya aprikoti. Ukienda Julai unakuta matunda yameanikwa juani kila upande, na maji ya chemchemi yanapita kwenye mifereji kando ya njia. Katikati ya mashamba hayo kimesimama kilima cha mita 30 hivi kwenda juu, chenye eneo la hekta nne na ushei. Ukikiona kwa mbali hakikushughulishi. Ukisogea na kutazama pale kilipokatwa na wachimbaji, unaona mistari: udongo mwekundu, majivu, udongo wa kijivu, vigae, mkaa, tena udongo mwekundu. Kilima chote ni kazi ya binadamu, na hakuna aliyekusudia kujenga kilima.

Kwa Kiswahili jambo hili ni rahisi kulieleza kwa sababu tunakijua kichuguu. Mchwa mmoja haoni kichuguu. Yeye anabeba chembe yake tu, na kizazi kinachofuata kinajenga juu ya cha kwanza. Huko Mashariki ya Kati nyumba zilijengwa kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani. Nyumba ya namna hiyo ikichakaa, paa huondolewa kwa kuwa mbao ni mali, kuta husukumwa ndani, kifusi husawazishwa, na nyumba mpya husimama juu yake. Kila ujenzi unainua sakafu kidogo. Fanya hivyo kwa maelfu ya miaka mahali palepale, karibu na chemchemi ileile, na utapata kilima. Waarabu hukiita tell, Waturuki höyük au tepe. Arslantepe maana yake ni Kilima cha Simba, kwa ajili ya simba wawili wa mawe waliokutwa langoni mwa mji wa zama za baadaye. Watu walianza kuishi hapo si baadaye kuliko milenia ya sita kabla ya Kristo (KK).

Mfaransa Louis Delaporte alichimba hapo miaka ya 1930 akiwatafuta Wahiti, akawapata simba hao na sanamu kubwa ya mfalme Tarhunza. Tangu 1961 kazi imekuwa mikononi mwa Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma. Salvatore Puglisi alikuwa miongoni mwa walioianzisha, Alba Palmieri akaipanua, na kuanzia 1990 hadi 2019 aliiongoza Marcella Frangipane. Ninawataja kwa sababu wamefanya jambo ambalo wachache wanalimudu: wamebaki. Wengi wetu huchimba shimo refu jembamba ili tuone tabaka zote, tukaandika ripoti, tukahamia kwingine. Wao walifungua eneo pana la tabaka moja, chumba baada ya chumba, miongo kwa miongo, mpaka wakaweza kutembea ndani ya jengo la miaka zaidi ya 5,000 kama mtu anavyotembea nyumbani kwake. Mwaka 2021 UNESCO iliingiza kilima hiki katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Sasa tuingie ndani.

Kabla ya kasri, katikati ya milenia ya nne KK, palikuwa na jengo kubwa la ibada ambalo wachimbaji wameliita Hekalu C. Sakafuni mwake yamepatikana mabakuli kwa mamia mengi. Ni mabakuli manyonge, yametengenezwa haraka, hayana urembo, yanafanana, na baadhi yana alama ya mfinyanzi iliyochorwa kabla ya kuchomwa. Mtu hatengenezi mabakuli mengi kiasi hicho kwa ajili ya familia yake. Yalikuwa ya kugawia chakula. Umati uliingia katika nyumba ya mungu, au nyumba ya yule aliyesimama baina yao na mungu, ukapewa kula. Karamu ya namna hiyo tunaielewa sote: mwenye kulisha watu hukusanya heshima, na heshima ikikusanywa mahali pamoja kwa muda mrefu hubadilika ikawa kitu kingine.

Yapata mwaka 3350 KK kitu hicho kingine kikaonekana katika matofali. Hekalu C halikuwepo tena, na kwenye mteremko wa kilima yakajengwa majengo yaliyoshikamana: lango, korido ndefu inayopanda, ua, maghala, mahekalu mawili madogo, kumbi za kupokea watu. Kuta zake nyingine bado zimesimama zaidi ya kimo cha mtu, zikiwa na lipu nyeupe na picha za rangi nyekundu na nyeusi. Frangipane analiita kasri, na mimi nakubaliana naye, ingawa wapo wanaosema neno hilo ni kubwa mno kwa mahali hapa. Hoja yangu ni kwamba jengo hili halikuwa la ibada tu wala la kuishi tu. Lilijengwa kwa ajili ya kazi za kiutawala, kila chumba na shughuli yake, na mlango wa kila chumba ulikuwa na mtu wa kuufunga.

Kwenye maghala ndiko moyo wangu uliko. Chumba kimoja kilikuwa na makasiki na mitungi mikubwa ya kuhifadhia. Kingine, kidogo zaidi, kilikuwa na mabakuli mengi ya kugawia pamoja na vidonge vya udongo vilivyopigwa muhuri, vimelala sakafuni palepale vilipotumika. Kingeweza kuwa chumba chochote kile, kama siyo vidonge hivyo.

Kidonge cha muhuri hufanya kazi hivi. Una gunia, au mtungi uliofunikwa kwa kitambaa na kufungwa kamba, au mlango wa mbao ambao kamba yake inazungushwa kwenye kigingi kilichopigiliwa ukutani. Unachukua udongo laini, unaubandika juu ya fundo, unagandamiza muhuri wako. Udongo ukikauka hakuna anayeweza kufungua bila kuuvunja, na hakuna anayeweza kuurudishia bila kuwa na muhuri uleule. Wasomaji wenye umri mkubwa wataikumbuka lakiri nyekundu kwenye vifurushi vya posta. Kazi ni ileile.

Lakini lakiri ikivunjwa tunaitupa. Hawa hawakuitupa. Ghala lilipofunguliwa, vipande vya udongo vilivyovunjwa viliwekwa kando na kutunzwa kwa muda, kwa sababu kila kipande kilikuwa ushahidi: fulani amefungua mlango fulani, fulani ametoa kitu katika mtungi fulani. Bila herufi hata moja walikuwa na stakabadhi. Muda ulipofika, pengine baada ya hesabu kukaguliwa, vipande viliondolewa na kutupwa pamoja. Wachimbaji waliikuta jaa hiyo ndani ya kasri, imepangika kwa tabaka, kila tabaka mzigo mmoja wa takataka za ofisi. Kwa ujumla kasri limetoa vidonge zaidi ya 2,000, na juu yake zimetambuliwa alama za mihuri zaidi ya 200 tofauti: simba, paa, mbuzi, nyoka, wanyama waliopindana shingo. Muhuri mmoja wa duara unaoviringishwa unaonyesha mtu ameketi chini ya kivuli juu ya chombo cha kupuria nafaka kinachokokotwa na ng'ombe. Nafaka, ng'ombe, na mtu anayekaa kivulini. Picha hiyo naitazama sana.

Watafiti wa mihuri Enrica Fiandra na Piera Ferioli ndio waliotufundisha kukigeuza kidonge. Kabla yao macho ya wataalamu yalikuwa mbele, kwenye picha nzuri ya muhuri. Wao wakatazama mgongo, pale udongo uliposhika kamba, kitambaa, ukingo wa mtungi au mbao ya kigingi. Mgongo unasema kilichofungwa. Kwa njia hiyo ikajulikana kwamba vidonge vingi vilitoka milangoni, na si kwenye bidhaa zilizoletwa kutoka mbali kama ilivyodhaniwa zamani. Hii ilibadilisha kila kitu. Kidonge cha mzigo kinahusu biashara. Kidonge cha mlango kinahusu mamlaka: nani anaingia ghalani, na nani anamjibu nani.

Basi nani alikuwa anakula? Kwa hesabu ya mabakuli, wengi. Yale ya wakati wa kasri yalifinyangwa harakaharaka juu ya gurudumu na kukatwa kwa uzi, na ukubwa wake unakaribiana. Hakuna dalili kwamba mbele ya ghala palifanyika karamu kama zile za hekaluni. Chakula kilitolewa kwa watu waliofanya kazi: kulima, kuchunga, kujenga, kubeba. Mifupa ya wanyama inaunga mkono, kwa sababu wakati huu kondoo na mbuzi wanaongezeka mno kuliko nguruwe na ng'ombe, kama vile kuna mtu aliyeamua kufuga kwa mpango, kwa ajili ya nyama na sufu. Mali iliingia ghalani, ikatoka kama mlo, na mlo ukanunua kazi ya kesho, ambayo ilileta mali zaidi ghalani.

Kiswahili kina neno moja linaloubeba mzunguko huo wote, nalo ni posho. Wapagazi wa misafara iliyotoka pwani kwenda bara walipewa posho ya safari. Manamba wa mashamba ya mkonge walipimiwa posho ya unga. Uganda hadi leo posho ni ugali wenyewe. Na Tanzania mtumishi wa ofisi hulipwa posho ya kikao. Chakula, ujira na mamlaka ya anayegawa vimelala ndani ya neno moja, na sijaona lugha nyingine ninayoijua ikilieleza bakuli la Arslantepe kwa ufupi huo. Neno serikali nalo limetokana na Kiajemi: sar ni kichwa, kar ni kazi. Mkuu wa kazi. Wanafunzi wangu nikiwaambia hivyo ubaoni hunyamaza kidogo, kwa maana wamekuwa wakilitamka tangu utotoni.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo nalirudia kila mwaka: je, wale watu walikuwa wanalishwa au wananyonywa? Nilimjibu kwamba bakuli lenyewe halituambii, na kwamba mimi naamini yote mawili yalikuwepo tangu siku ya kwanza. Mwaka wa ukame, mtu mwenye ghala lililojaa ni mwokozi. Mwaka wa neema, mtu huyohuyo anakudai siku zako za kazi. Ukishazoea kula kutoka katika mkono wake, shamba lako mwenyewe linapata saa chache. Sioni haja ya kumtafuta dhalimu mmoja aliyevamia kijiji. Mpango huu uliweza kukua taratibu, na kila hatua ikaonekana ya busara.

Kinachoifanya Arslantepe iwe ya thamani kwangu ni vitu ambavyo haikuwa navyo. Mwanaakiolojia Gordon Childe alitufundisha kufikiri kwamba dola na mji huzaliwa pamoja, na kwa Uruk, kusini mwa Iraki, hilo linafaa: mwishoni mwa milenia ya nne Uruk ilikuwa na eneo la hekta zipatazo 250, maelfu kwa maelfu ya watu, na mabamba ya kwanza ya maandishi. Arslantepe ilikuwa hekta nne na ushei. Haikuwa mji. Eneo lake kubwa lilishikwa na majengo ya utawala, na watu waliolishwa hapo wengi wao waliishi vijijini na malishoni kote bondeni. Maandishi haikuwa nayo. Wala haikutegemea mifereji mikubwa ya umwagiliaji, ile ambayo zamani tulikariri darasani kuwa ndiyo mama wa utawala. Uwanda wa Malatya una mvua na chemchemi. Iliwasiliana na ulimwengu wa Uruk, na unaliona hilo katika umbo la baadhi ya vyombo, lakini mfumo wake ulikua palepale kutokana na mambo yake yenyewe. Kwa hiyo mtu akisema dola haiwezi kuwepo bila mji, bila herufi na bila mfereji, mimi namwonyesha mlango wa ghala la Arslantepe.

Silaha nazo zilikuwepo. Katika chumba kimoja cha kasri zilikutwa panga 9 na vichwa vya mikuki 12, zote za shaba iliyochanganywa na aseniki, na panga tatu kati yake zimetiwa nakshi ya fedha kwenye mpini. Ni miongoni mwa panga za kale kuliko zote zinazojulikana duniani. Mkuki una kazi ya kuwinda, kisu kina kazi ya kuchinja, shoka lina kuni zake. Upanga wa namna hii una kazi moja tu, kumdhuru mtu mwingine au kumtisha, na hapa umewekwa ndani ya nyumba ya utawala, umepambwa. Mwaka 2017 mtafiti kijana aliutambua upanga wa aina hiyohiyo ndani ya kabati la makumbusho ya watawa wa Kiarmenia, kisiwa cha San Lazzaro huko Venice, ulipokuwa umehesabiwa kuwa wa zama za kati. Vipimo vikampa haki.

Karibu na mwisho wa maisha ya kasri ulikuwepo ukumbi wenye jukwaa dogo la udongo lenye ngazi tatu, ukitazamana na ua mkubwa, na juu yake mabaki ya mbao zilizoungua. Inaelekea hapo ndipo mkuu alipoketi watu wakija mbele yake. Linganisha na Hekalu C. Kule umati uliingia ndani na kula pamoja. Hapa umati umesimama uani, na mmoja ameketi.

Kisha moto. Yapata mwaka 3100 KK kasri liliteketea, na kuanguka kwake kwa ghafla ndiko kulikotuachia kuta, mabakuli na vidonge mahali pake. Aliyelichoma ni nani, wapo wanaowanyoshea kidole wafugaji wa kuhamahama waliokuwa na uhusiano na Kaukasi, ambao walikuwa wakija na kuondoka bondeni hata kabla ya hapo. Mimi jambo linalonishika zaidi ni lililofuata. Hakuna aliyelijenga upya. Juu ya magofu vikasimama vibanda vya miti na udongo na mazizi ya wanyama. Vyombo vikawa vya kufinyangwa kwa mkono, vyekundu upande mmoja na vyeusi upande mwingine. Mabakuli ya posho yakatoweka, na mpango wa mihuri nao ukaisha. Mfumo uliodumu vizazi kadhaa ukafutika, wala watu wa bondeni hawakufa kwa kuukosa. Walirudi kwenye mashamba na mifugo yao. Frangipane anaona kwamba kasri liliwafikia watu kupitia chakula na kazi tu, bila kuwafunga pamoja katika maisha ya mji, hivyo kamba ilipokatika hapakuwa na cha kuwashika. Nimejaribu kutafuta maelezo mengine, na kila mara nimerudi kwenye hilo.

Mamlaka yalirudi kwa sura nyingine. Kati ya mwaka 3000 na 2900 KK hivi, alizikwa hapo mtu mmoja katika kaburi la mabamba ya mawe, pamoja na vitu zaidi ya 60 vya metali: silaha, vyombo, mapambo ya shaba na fedha. Juu ya mabamba ya kulifunika kaburi walilazwa vijana wanne waliouawa, ambao hawakufikia utu uzima kamili, na wawili kati yao walikuwa wamevikwa mapambo yanayofanana na ya marehemu. Nimefundisha habari za kaburi hili mara nyingi na bado sijazoea. Katika kasri mkuu alijulikana kwa kile alichotoa mlangoni mwa ghala. Hapa anajulikana kwa metali aliyokwenda nayo na kwa maisha ya vijana wale.

Yaliyobaki ya kilima ni marefu na wengine wanayajua kuliko mimi: Wahiti, kisha ufalme wa Melid uliochonga simba, kisha Sargon wa Pili wa Ashuru aliyeuteka mwaka 712 KK. Simba wa asili na mfalme Tarhunza wako makumbusho ya Ankara. Langoni pa kilima utakuta nakala zao. Tetemeko la tarehe 6 Februari 2023 lilitikisa Malatya yote na kuua watu wengi katika eneo hilo, na kuta za udongo kama hizi zinataka mkono wa kuzikandika kila mwaka hata pasipo tetemeko. Ukijaliwa kufika, usizikimbilie picha za ukutani. Anza na ghala.

Makala ijayo nitaifungua kwa mafundo: namna mgongo wa kidonge unavyohifadhi msokoto wa kamba, na tunavyojua kutokana nao kwamba mlango uleule ulifungwa na kufunguliwa tena na tena, na kidole gumba cha mfungaji bado kinaonekana kwenye udongo.